Mapigo ya Mzee Mpira

Katika chuo kile cha uuguzi, mwanafunzi akionekana amelala vizuri aliitwa pembeni akaulizwa kama kuna matatizo nyumbani.

Sitii chumvi. Mwaka wa pili ulikuwa na wanafunzi hamsini na wawili, na hamsini na mmoja kati yao walikuwa wakiishi kwa kahawa nyeusi, makopo ya vinywaji vya kuongeza nguvu, na vidonge vidogo vyeupe ambavyo kila mtu alijua vinapatikana kwa nani na hakuna aliyejua vimetengenezwa na nini. Walikaa kwenye somo la madhara ya dawa, mdomo mkavu, goti likicheza chini ya meza, wakaandika daftarini kwamba dalili za mwanzo ni mdomo kukauka na mwili kutetemeka, wakapata alama tisini. Hakuna hata mmoja aliyeinama akalitazama goti lake.

Wa hamsini na mbili walimwita Bi Mto, maana alipenda kulala. Alikuwa binti mfupi, mwenye sauti ndogo na ukaidi mkubwa. Alipoanza chuo alijaribu na yeye kuwa mtu kama watu. Akanywa kikombe kimoja cha kahawa, akakaa macho siku mbili, na siku ya tatu, kwenye zoezi la kutandika kitanda chenye mgonjwa, akatandika shuka vizuri sana, kona zote zimekunjwa kama kitabu kinavyotaka, na kichwa cha mgonjwa kikiwa ndani. Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyepiga kelele za kuomba msaada.

Tangu siku ile alishika njia ya shangazi yake. Shangazi alikuwa mkunga mstaafu, miaka thelathini na moja ya kazi, mgongo umepinda lakini ulimi umenyooka, na ndiye aliyempa Bi Mto chumba nyumbani kwake, mitaa miwili kutoka chuoni. Nyumba ile saa tatu usiku taa zote zimezimwa, utake usitake. Saa kumi na moja alfajiri Bi Mto yuko uani anazunguka na daftari, anasoma kwa sauti huku anatembea, majirani wameshazoea kuamshwa na kazi za figo. Mchana, baada ya kula, alijifungia kwenye stoo ya mashuka ya wodini dakika ishirini, akalala chali juu ya marobota. Maji alikunywa kama ng'ombe. Jioni alimfundisha shangazi kila alichosoma siku hiyo, na shangazi akisinzia katikati, Bi Mto alijua hajaeleza vizuri, akaanza upya.

Na alikuwa anafaulu! Si wa kwanza, si wa mwisho. Wa tisa, wa kumi na moja hivi. Hapo ndipo alipowaudhi wenzake. Mtu alale halafu afeli, huyo anaeleweka, hata anahurumiwa. Lakini ulale, halafu ufaulu? Hiyo ni dharau, tena ya mchana kweupe.

"Wewe unajiona nani?" Kiranja alimuuliza siku moja. Kiranja ndiye aliyekuwa mkuu wa kundi lao la wodini, watu sita, kijana mrefu mwenye macho mekundu na kopo lisilotoka mkononi. "Sisi tunaumia, wewe unakoroma."

"Si mlale na nyinyi? Nani kawakataza?"

"Uuguzi ni kujitoa mhanga, dada."

"Mgonjwa atafaidika nini mkishajitoa?"

"Mwacheni," akadakia Betri, msichana aliyepewa jina hilo kwa kuwa alikuwa hazimiki, anaongea hata akiwa anapiga mswaki. "Mwacheni na mto wake. Siku ya siku tutaona."

Siku ya siku ikafika, tena upesi.

Kundi lile la watu sita lilipelekwa kwenye wodi ya wanaume, kwa wagonjwa wanane waliokuwa wanasubiri kupasuliwa ngiri. Watu wazima, wazima wa afya, shida yao ni hiyo ngiri tu. Walikuwa wanacheza karata na kubishana habari za mpira. Kazi ya wanafunzi ilikuwa rahisi: kila mmoja ahesabu mapigo ya moyo ya wagonjwa wote wanane, kwenye kifundo cha mkono, dakika nzima kwa kutazama saa, kisha aandike kwenye chati moja kubwa, kila mwanafunzi na safu yake.

Wakahesabu. Kiranja akaandika mia moja kumi na nane, mia moja ishirini, mia moja kumi na sita, mpaka chini. Betri akaandika mia moja ishirini na sita, tena kwa watu sita mfululizo. Wengine watatu nao vivyo hivyo, hakuna aliyeshuka chini ya mia. Bi Mto akaja wa mwisho, ametoka stoo ya mashuka, shavu lina mstari wa mshono wa robota. Akahesabu taratibu. Akaandika sitini na sita. Sabini. Sitini na nane. Sabini na mbili.

Saa nane mchana daktari wa wodi akapita. Daktari huyu alikuwa mtu wa karatasi. Mgonjwa alimtazama kama hapana budi, chati aliitazama kwa mapenzi. Akaisoma, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena.

"Wagonjwa wote wanane mioyo inakimbia," akasema. "Homa hawana. Hii inaweza kuwa maambukizi."

Basi ikawa kasheshe. Upasuaji wote ukaahirishwa. Mlango wa wodi ukabandikwa karatasi ya kukataza wageni. Karata zikachukuliwa, zikatiwa dawa. Wanane wale wakatolewa damu, chupa tatu tatu kila mmoja. Mzee wa kitanda cha nne akauliza, "Mimi najisikia mzima, kwani naumwa nini?" Akajibiwa kwamba ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyo, hausikiki. Hapo mzee akaanza kuusikia. Ilipofika jioni, kwa hofu tu, mioyo ya wanane wale ilikuwa imepanda kweli, na Bi Mto alipopima tena akapata themanini na nane, tisini, tisini na mbili, akaandika hivyo hivyo alivyopata. Lo, kumbe alikuwa anajifunga kamba mwenyewe.

"Mchana sitini na sita, jioni tisini?" daktari akamuuliza, kidole juu ya safu yake. "Wenzako watano wanakubaliana. Wewe peke yako ndiye unayepingana nao, halafu ukiona mambo yameharibika unaanza kupandisha. Binti, hizi namba umezihesabu au umezipika?"

Swali lile halikuwa dogo. Chuoni kulikuwa na sheria moja isiyo na msamaha: mwanafunzi akiandika namba ambayo hakuihesabu, anaondoka siku hiyo hiyo na begi lake. Unaweza kuvunja kipimajoto, unaweza kumtandika mtu na kichwa ndani, ukasamehewa. Kupika namba, hapana. Bi Mto akapewa barua ya kufika mbele ya kamati ya nidhamu kesho yake saa nne asubuhi.

Alirudi nyumbani analia, analia kweli, kamasi na machozi. Shangazi alikuwa anakunja nguo. Hakumbembeleza, alimpa mkono wake wa kushoto.

"Nipime."

"Shangazi, mimi nafukuzwa chuo!"

"Nimesikia. Nipime."

Bi Mto akafuta macho, akashika, akahesabu. "Sabini na nne."

"Sasa kimbia uzunguke uani mara kumi, urudi unipime kwa kidole gumba, unibane sana, kama mtu mwenye haraka."

Akakimbia. Akarudi anahema, akambana shangazi kwa gumba. Akahesabu, macho yakamtoka. "Mia moja thelathini! Shangazi, una nini?"

"Mimi nina kukunja nguo. Huo ni moyo wako, mwanangu, unaugonga mwenyewe kwenye kidole chako. Mtu moyo wake ukiwa unakwenda mbio na mkono unatetemeka, akimbana mgonjwa anajihesabu mwenyewe. Hao wenzako wamejipima wenyewe mara nane nane." Shangazi akacheka mpaka akakaa chini. "Wamezuia wodi nzima kwa kahawa yao! Haki ya Mungu, nimestaafu mapema."

Bi Mto hakucheka. Alijua ni kweli, na alijua kwamba kesho atakuwa mmoja mbele ya watano.

Kamati ilikaa kwenye chumba cha mazoezi, kwa sababu ukumbi wa mikutano ulikuwa unapakwa rangi. Walikuwa watatu nyuma ya meza: Mkuu wa chuo, mama mnene wa heshima zake, ambaye hakuwahi kuonekana bila kikombe, daktari na chati yake, na mkufunzi wa vitendo, mwanamke mkimya aliyekuwa na funguo za makabati yote. Katibu wa chuo alikaa pembeni na daftari la kuandikia. Watano wa kundi walikaa kwenye benchi kama mashahidi. Bi Mto alisimama. Nyuma yake, kitandani, alilala Mzee Mpira.

Mzee Mpira alikuwa mwanasesere wa chuo, mkubwa kama mtu mzima, wa mpira mtupu, ambaye wanafunzi wa vizazi kumi walimchoma sindano na kumpindua mpaka sikio moja likatoka. Mkononi alikuwa na mapigo ya kutengeneza: kijisanduku cha umeme kando ya kitanda, unazungusha kitufe kwenye namba unayotaka, na kifundo cha mkono kinadunda namba hiyo.

Mkuu kwanza alitaka kahawa. Alichomeka birika la umeme, kuukuu la kuchelewa kuchemka, kwa mkono wake mwenyewe, ukutani nyuma ya kitanda, akarudi kukaa. "Haya, binti. Jitetee, na usituchoshe."

Bi Mto akajitetea. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Akasema wenzake wanakunywa vitu vinavyokimbiza moyo, na moyo ukikimbia mtu anahesabu kidole chake, na kwamba wodi ile haina ugonjwa wowote isipokuwa wanafunzi.

Benchi likalipuka. Betri alisimama akasema maneno mia kwa pumzi moja. Kiranja akasema hajawahi kutukanwa hivi tangu azaliwe. Mkuu naye, aliyekuwa kwenye kikombe cha tatu tangu asubuhi, alichukia kama vile ametajwa kwa jina.

"Kwa hiyo watano ni wajinga, na wewe mmoja ndiye mwerevu?"

"Sijasema wajinga, mama. Nimesema hawajalala."

Hapo mkufunzi wa vitendo akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Tusibishane. Mzee Mpira yuko hapa, hana hofu wala homa. Naweka namba, naiandika kwenye karatasi, naikunja. Wote sita wahesabu, mmoja mmoja, kila mtu aseme kwa sauti. Atakayekosea tutamjua."

Daktari akakubali, maana lilikuwa na karatasi ndani yake. Mkufunzi akazungusha kitufe, akaandika, akakunja karatasi akaitia mfukoni.

Kiranja akaenda wa kwanza, amejiamini. Akaushika mkono wa mpira, akatazama saa, midomo ikicheza. Dakika ikaisha. "Mia moja ishirini na nane."

Betri: "Mia moja thelathini na mbili." Wengine watatu: mia moja kumi na nne, mia moja ishirini, mia moja kumi na tisa. Daktari akaandika zote, akasema angalau hawa wako karibu karibu.

Akabaki Bi Mto. Akaweka vidole vitatu polepole, bila kubana, kama alivyozoea. Akangoja. Hakuna kitu. Akasogeza vidole kidogo. Hakuna. Mshale wa sekunde ukazunguka dakika nzima, na chini ya vidole vyake kulikuwa na mpira, basi. Akazunguka kitanda akashika mkono wa pili, na huko nako kimya.

Sasa mtu aelewe alivyobanwa. Watano wamesikia kitu. Sanduku limewekwa namba mbele ya macho ya kila mtu. Akisema hakuna, ataonekana kichaa au mwongo. Akili ikamwambia: sema sabini, mkufunzi yule ni mtu wa kitabu, lazima ameweka sabini na kitu, utapatia. Akafungua mdomo aseme sabini. Roho ikamsuta, maana namba hiyo hakuihesabu, na kuandika namba usiyoihesabu ndiko kupika kwenyewe. Alikuwa anashitakiwa kwa kosa ambalo hajalifanya, na njia ya kuponea ilikuwa kulifanya.

"Sijasikia kitu," akasema.

"Umesemaje?"

"Sijasikia kitu, mama. Hana mapigo."

Chumba kizima kikacheka, hata daktari. Mkuu hakucheka. Aliinuka, akakokota mwili wake mpaka kitandani, akamsukuma Bi Mto pembeni kwa nyonga. "Pisha. Mimi nilianza kuhesabu mapigo kabla mama yako hajaolewa." Akaushika mkono wa Mzee Mpira, akaubana, akafumba macho kwa utaalamu. Dakika nzima. "Mia moja na nne," akatangaza. "Mazuri tu, yana nguvu. Katibu aandike. Binti huyu aondoke leo."

Bi Mto alishika reli ya kitanda. Alimfikiria shangazi, atamwambia nini. Mkufunzi wa vitendo, yeye, alikuwa ameinama anatazama kijisanduku. Kilipaswa kuwa na taa ndogo ya kijani. Akakitikisa. Akaufuata waya kwa kidole, ukashuka nyuma ya kitanda, akapiga magoti, akaingia mpaka mabegani. Walisikia sauti yake kutoka chini.

"Plagi iko sakafuni."

"Plagi gani?" akauliza daktari.

"Ya Mzee Mpira. Imechomolewa. Hapa ukutani kuna tundu moja tu, na lina birika."

Na birika, bila adabu, likachemka wakati huo huo, likapiga kelele kwa kifuniko chake, na hakuna aliyejitokeza kulizima. Mkufunzi akatoka chini ya kitanda na vumbi kichwani, akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua. Ilikuwa imeandikwa sabini na mbili. Namba nzuri, ambayo haikuwa imefika popote.

Betri alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu aanze chuo hakikutoka kitu. Daktari alikunja chati yake mara mbili, akaondoka bila kuaga, akaenda wodini akashika mikono ya wagonjwa wanane mmoja mmoja kwa mkono wake, jambo lililowashangaza kuliko ugonjwa wenyewe. Waliambiwa wamepona. Wakarudishiwa karata.

Kamati ilibidi iamue kitu, kamati haiwezi kukaa bure. Uamuzi ukasomwa na Mkuu mwenyewe, uso mkavu kabisa. Moja, mwanafunzi aliyeshitakiwa hana hatia na atabaki chuoni. Mbili, wanafunzi watano watarudia zoezi la kupima mapigo. Ile mia moja na nne ya mtu wa sita haikutajwa. Katibu alikuwa na watoto wa kulea. Tatu, mwanafunzi aliyeshitakiwa anapewa onyo la maandishi, kwa kuwa alimkuta mgonjwa hana mapigo, akasimama tu kuzungumza, badala ya kuita msaada na kuanza kumkandamiza kifua mara moja kama utaratibu unavyotaka.

"Ndiyo, mama," akasema Bi Mto, akaweka sahihi. Alitoka nje akajiegemeza ukutani, akacheka peke yake mpaka mbavu zikauma. Alikuwa bado mwanafunzi wa uuguzi.

Kiranja alimfuata kwenye korido. Hakuwa na kopo. Alisimama mbele yake kama mtu aliyetumwa na hataki kusema aliyemtuma, akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Nipime," akasema. "Usimwambie mtu."

Bi Mto akatazama saa. Akaweka vidole vitatu, taratibu, akahesabu dakika nzima, haraka hakuwa nayo. Vile vidundo vilikuwa vinakwenda mbio, vinajikwaa, vinakwenda tena, na alipofika mwisho hakutaka kusema.

"Ngapi?"

"Mia moja ishirini na nane."

Kiranja akafikiri. Alitazama mkono wake, akatazama mlango wa chumba cha mazoezi. "Ndiyo ile ile niliyompimia Mzee Mpira."

"Ndiyo."

"Na wale wazee wa wodini."

"Karibu na hiyo."

Kiranja aliurudisha mkono mfukoni. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na Bi Mto aliona kwa mara ya kwanza kwamba kijana huyu anaogopa, na kwamba ameogopa siku nyingi. "Imekuwa hivi tangu mwaka wa kwanza," akasema Kiranja. "Nilidhani ndivyo moyo ulivyo."